Gari la Dizeli la Mzee wa Kanisa

Sijui alizaliwa wapi na sikuwahi kumwuliza. Pale Elburgon, katika kambi ya wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, tulimwita Mzee wa Kanisa, na hata wale wasiosali walimwita hivyo hivyo. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ukuta mmoja wa mabanzi, kwa hiyo nilimjua kwa kikohozi chake, kwa maombi yake ya alfajiri, na kwa gari lake. Kikohozi na maombi niliyazoea. Gari lile lilinichukua muda mrefu zaidi.

Lilikuwa gari la kabla ya Vita Kuu ya Pili. Mzungu mmoja, mkulima wa upande wa Molo, alikuwa amelitoa injini yake ya petroli na kulitia injini ya dizeli iliyotoka kwenye lori dogo lililopinduka. Alidhani ataokoa gharama. Alipochoka nalo akaliuza kwa bei ya kuliondoa tu uani kwake. Injini ilikuwa kubwa kuliko nafasi yake, kwa hiyo boneti haikufungika, ikawa inafungwa kwa kamba ya katani. Mlango wa nyuma upande wa kulia haukufunguka kabisa. Likiwashwa, vikombe vyangu vilicheza rafuni, na nguo nilizoanika zikapata rangi ambayo sabuni haikuiweza. Mume wangu, ambaye alifanya kazi kwenye msumeno mkubwa, alisema yule mzungu hakuuza gari, alihamisha shida zake tu.

Lakini sitaki mtu afikiri Mzee alinunua gari ili aonekane. Alilinunua kwa sababu ya mkewe. Tumbo la yule mama lilikuwa linajaa maji. Hospitali ya Nakuru walikuwa wanamtoa maji hayo kwa sindano nene na mpira, anapata nafuu, kisha yanajaa tena. Daktari alimwambia Mzee wazi kwamba hana dawa ya kuyakomesha. Kazi ni kumleta kila yanapojaa, kwa maana yakiachwa yatapanda na kumbana kifua mpaka pumzi ikose nafasi. Basi Mzee akaelewa hivyo: mkewe ataishi kadiri atakavyoweza kumfikisha Nakuru. Hakuwa na hesabu nyingine maishani mwake tangu siku hiyo.

Alijaribu lori la mbao mara moja, mama amelazwa juu ya magogo, na aliporudi alisema hatamfanyia hivyo tena. Treni ilikuwepo, lakini miaka ile ya Emajensi, serikali ya wakoloni ilipokuwa inapigana na Mau Mau, kusafiri kulitaka kibali, na kibali kilitoka wakati kilipotaka chenyewe, na maji hayakuwa na subira hiyo. Watoto wao walikuwa wamerudishwa Reserve, maeneo waliyotengewa Waafrika, pamoja na wengine wengi, hawakuruhusiwa kuja kuwaona. Bwana mwenye kiwanda alimwombea Mzee kibali cha kuendesha gari na kubeba mgonjwa siku yoyote, na huruma yake ikaishia hapo. Aliyebaki kumsaidia mama njiani ni mimi. Nilikaa naye kiti cha nyuma kila safari, kichwa chake begani kwangu.

Elburgon kuna baridi, na dizeli ya zamani haipendi baridi. Asubuhi ya safari Mzee aliamka akawasha makaa kwenye karai, akalisukuma karai chini ya injini, akachuchumaa hapo akipepea kwa kifuniko cha sufuria. Mimi nilichemsha maji ya kumimina kwenye rejeta. Gari lenyewe alikuwa ameliegesha mteremkoni, mawe mbele ya magurudumu, kwa sababu betri ilikuwa jina tu. Kisha wakaitwa watu. Waliokuwa wanakwenda kiwandani walisukuma, wanawake waliokuwa wanakwenda kuchuma pareto walitua vikapu wakasukuma. Mzee alitoa kichwa dirishani akasema, "Sukumeni kwa imani."

"Mzee, imani iko," nilimwambia siku moja. "Miguu ndio haiko."

Alicheka. Watu wengi hawakujua kwamba alikuwa anacheka, kwa kuwa kanisani uso wake ulikuwa mkavu sana.

Alikuwa na neno moja ambalo hakumruhusu mtu kulitumia. Ukisema gari lake ni bovu alikukatiza. "Hii gari si mbovu. Ni mgonjwa. Mgonjwa anaangaliwa." Na kweli aliliangalia. Jumapili hakuruhusu liguswe isipokuwa kwa safari ya hospitali, maana ilikuwa siku ya Bwana, lakini ibada ikiisha ungemkuta ametundika koti lake la kanisani mlangoni mwa gari, amefungua boneti, na ukimwuliza anasema, "Naangalia tu." Alihubiri dhidi ya matusi. Siku moja spana ilimteleza ikamchuna vidole, nikasikia kutoka chini ya gari maneno ya Kiingereza ambayo aliyaokota kiwandani, na nadhani hakujua maana yake yote. Nilijifanya sikusikia. Mkewe, aliyekuwa ameketi juani, aliniambia, "Mama Esta, huyo anaomba kwa lugha."

Jambo alilolijali kuliko yote ni usafi wa mafuta. Mafuta yaliuzwa kwa madebe, na madebe yalikuwa yamebeba kila kitu duniani kabla ya kubeba dizeli. Mzee hakumimina tone kwenye tangi bila kulichuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa, kipande cha kilemba cha zamani cha mkewe. Kabla ya kuchuja alichovya kidole, akakisugua na cha pili, akanusa. Alinieleza kwamba dizeli hubaki kidoleni na utelezi wake, mafuta ya taa hukauka, na petroli huruka yote na kukuachia ubaridi. Injini ile ilikuwa na pampu ndogo ya kusukuma mafuta, na pampu hiyo ililainishwa na dizeli yenyewe. Ukiipa kitu kikavu itajikwaruza mpaka ife. Alinusa hata dukani, mbele ya Mhindi mwenye duka, na siku moja yule Mhindi alichoka akamwuliza, "Mzee, unanunua mafuta ama marashi?"

"Nanunua mafuta," akasema. "Ndio maana nanusa."

Mtu huyu huyu, aliyemshuku muuza duka mchana kweupe, kanisani hakutaka kujua nani ametoa nini. Kabla yake, siku ya mavuno kila mtu alipita mbele na kikapu chake, karani akataja jina na kilichotolewa, na wenye kidogo walipita wakiangalia chini. Mzee alikomesha jambo hilo. Aliamuru mahindi yote yamwagwe kwenye lundo moja, viazi lundo moja, na asisimame mtu kupima wala kuchambua, hata kama ndani mna bovu. "Ikishaingia hapo si yako tena," alisema. "Hakuna ya mjane, hakuna ya nyapara." Wajane walimpenda sana kwa hilo. Mimi pia nilimpenda kwa hilo, maana kikapu changu hakikuwa kikubwa.

Safari zenyewe zilikuwa na vituko. Wakati mmoja tulisimamishwa na askari karibu na Njoro, kijana mgeni, bunduki begani, mvua inamnyeshea. Hakupenda kuona mtu mweusi kwenye usukani. Akaamuru injini izimwe. Mzee akamwomba aangalie kibali injini ikiwa inanguruma, kwa sababu hapo hapakuwa na mteremko. Yule kijana akaanza kupandisha sauti. Mama akajivuta kutoka kiti cha nyuma, tumbo lake likaonekana lote, akasema kwa upole, "Kijana wangu, ukizima hii gari, ni wewe utasukuma." Askari alimtazama yeye, akautazama ule utelezi barabarani, akaturudishia kibali. Tulicheka mpaka Nakuru.

Kurudi ndiko kulikokuwa kuzuri. Akishatolewa maji alikuwa mtu mwingine, mwepesi, anaomba mandazi, anamwambia Mzee asiende mbio ili aone mashamba ya ngano. Mzee hangeweza kwenda mbio hata angetaka. Kwenye milima baada ya Njoro mimi nilishuka nikatembea kando ya gari kulipunguzia mzigo, na mara nyingi nilifika juu kabla yao. Mama alikuwa ananipungia mkono dirishani kama abiria wa treni. Nikikumbuka nyakati zile huwa nasikia uchungu hata sasa, kwa sababu zilikuwa zinapungua na sote watatu tuliona.

Maji yalianza kurudi upesi. Mwanzoni tulikuwa tunapanda na kuvuna kati ya safari moja na nyingine. Baadaye nilikuwa sijamaliza kufua shuka za safari iliyopita, tayari nasikia kupitia ukutani anavyohema. Mzee aliuza mbuzi, akauza baiskeli, akauza hata koti lile la kanisani, akawa anasimama mbele ya watu na sweta. Alikonda. Alianza kuzungumza na injini. Niliwahi kumsikia akiiambia, "Nivumilie tu mpaka hii mvua iishe," na sauti yake haikuwa ya mchezo. Ukuta wa mabanzi hauzuii kitu, na nilisikia pia maombi yake yalivyobadilika. Zamani aliombea watu wengi kwa majina. Sasa alikuwa anataja jina moja tu.

Mvua ile haikuisha. Daraja moja la barabara liliondoka na maji, na kwa siku nyingi gari la kuleta mafuta halikufika dukani. Mzee alikuwa na dizeli ya kulowesha tangi tu. Kiwandani matrekta yalisimama, na bwana mwenye kiwanda alikuwa amefunga stoo akaenda zake Nairobi. Barabara ilipofunguliwa mafuta yalikuwa bado hayajaja, na mama alikuwa analala ameketi, midomo imeanza kuwa ya kijivu. Siku hiyo ilikuwa Jumapili ya mavuno. Treni ya abiria haikuwepo mpaka kesho yake, na mtu yeyote aliyemwona yule mama alijua kwamba kesho ni mbali.

Mwalimu mmoja wa shule akasimama kanisani kabla ya Mzee kusema lolote. Akasema, "Kila mtu aliye na mafuta nyumbani alete. Hata kidogo." Watu wakatoka mbio. Sijawahi kuona upendo kama ule, na nausema wazi kwa sababu ya yaliyofuata. Walirudi na chupa, makopo ya maziwa, kibuyu kimoja. Madereva wa trekta wa mashamba ya wazungu walikamua matangi yao. Nyapara mmoja alileta kutoka kwenye pikipiki yake. Bibi mmoja mzee sana, anayeishi peke yake, alimimina mafuta yake ya taa, ya kuwashia usiku. Kwao yote yalikuwa mafuta ya gari. Trekta zile nyingi hazikutumia dizeli kabisa, zilitumia aina ya mafuta ya taa mazito, lakini nani angewaambia? Debe liliwekwa mbele, pale pale panapowekwa mahindi, na kila mtu akapita akamwaga, kama Mzee mwenyewe alivyowafundisha. Likajaa. Mzee alikuwa amesimama kando yake, ameinamisha kichwa. Tukaomba. Kisha akalibeba hadi kwenye gari, akakunja kile kitambaa, akachuja yote, na watu wakasukuma wakiimba.

Mwanzo lilikwenda, kwa kuwa dizeli ya chini ya tangi ilikuwa bado kwenye mpira wa kupeleka mafuta kwenye injini. Tulipoanza kuteremka kuelekea Njoro injini ikaanza kugonga. Ilikuwa sauti kavu ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Moshi ukageuka mweupe. Mzee alibadilisha gia, akabadilisha tena, kisha injini ikanyamaza na tukasikia matope chini ya magurudumu. Gari likajiburura mpaka kando ya shamba la ngano likasimama. Hapakuwa na nyumba. Hapakuwa na mtu.

Akashuka akafungua kamba ya boneti. Nilijua anachofanya, nimeona mara nyingi: unalegeza skrubu, unasukuma kipini cha pampu kwa kidole gumba kutoa hewa mpaka mafuta yatoke bila mapovu, unakaza, unajaribu. Alijaribu. Akalegeza tena. Nyuma, mama alikuwa amenishika gauni. Pumzi yake ilikuwa fupi, inaingia lakini haifiki popote.

"Mwambie aache," akasema. "Aje akae hapa."

Nikatoa kichwa nje. "Mzee, mama anakuita. Anasema uache uje ukae naye."

"Nakuja."

Hakuja. Nilisikia kipini kikisukumwa. Mama akaniangalia, nikamwita tena kwa nguvu zaidi, akajibu "nakuja" kwa sauti ile ile, kichwa bado kiko ndani ya injini. Nilitamani kushuka nikamvute, lakini yule mama alikuwa ameegemea kwangu uzito wote na nikimwacha angeanguka. Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika maishani. Alikufa hivyo, mkono wake kwenye gauni langu, macho kwenye boneti iliyoinuliwa ambayo ilituzuia tusimwone mumewe. Nikamlaza kitini. Nikaenda mbele nikaweka mikono yangu juu ya mikono ya Mzee na kumwambia, "Acha sasa." Kitambaa cha kuchujia kilikuwa kando ya betri. Nilikichukua kumfutia vidole, na hapo ndipo nilipopata harufu ya petroli na mafuta ya taa, harufu ya kila kitu isipokuwa dizeli.

Watu walisema lile gari kuukuu ndilo lililomwua. Walimsema Mzee pia, tena ni wale wale waliosukuma wakiimba. Kwamba alikuwa mkaidi, kwamba heri angempandisha mgonjwa kwenye treni mapema, kwamba mtu gani humwekea mkewe matumaini kwenye chuma cha kutupwa. Mimi nilikuwa na jibu mdomoni kila nilipokwenda kuteka maji. Nilimwambia mume wangu nitalisema. Akaniuliza, "Utamwambia nani? Chupa ya nani?" Na kweli, vyote vilikuwa vimeingia debe moja. Mzee mwenyewe hakujitetea hata kidogo. Aliacha uzee wa kanisa bila kueleza, na mvua zilipoisha akahama. Gari lilibaki kule barabarani mpaka watu wakalimaliza kwa kulitoa vipande.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Nilikwenda Ndabibi kumsalimia dada yangu aliyeolewa huko, akaniambia kuna mzee wa Elburgon anayeangalia injini ya maji kwenye shamba la mzungu, karibu na ziwa. Nilimkuta ameketi kwenye kibanda cha bati, injini ya dizeli inapiga polepole kando yake, inavuta maji kupeleka mashambani. Ndevu zilikuwa nyeupe zote. Alifurahi kuniona. Akanipa chai kwenye kikombe chake cha pekee, akaniuliza habari za mwanangu Esta, za mume wangu, za yule bibi aliyeleta mafuta ya taa. Nikamwambia bibi amekwisha kufa.

Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Mzee, watu bado wanakusema. Na wewe unajua ni ile mafuta walileta wao. Hawakujua, sawa, hata wewe hukujua. Lakini wangeambiwa, wakome kukusema."

"Mama Esta," akasema, "mimi nilijua."

Nilidhani sikumsikia vizuri kwa sababu ya injini.

"Debe ikiwa hapo mbele, wakati wa maombi. Nilikuwa nimesimama karibu. Niliweka kidole nikanusa." Alisugua vidole viwili bila kuviangalia. "Ilikuwa imekauka."

"Na ukaimimina."

"Wote walikuwa wananiangalia. Yule nyanya alikuwa ameleta ya taa yake, atalala giza. Ningesimama pale niseme nini, hii yenu ni takataka? Na ingine sikuwa nayo. Ile ama hakuna. Nikasema labda itatufikisha."

Nilimsikiliza. Sehemu hiyo niliielewa, na hasira yangu kwa watu wa Elburgon ikapungua palepale, nikabaki na ile nyingine, ya barabarani, ambayo nilikuwa nimeibeba mpaka siku hiyo bila kumwambia mtu.

"Basi ulijua ni mafuta," nikasema. "Ulijua ile pampu imekwisha. Hakuna hewa ya kutoa, hakuna kitu ya kutengeneza. Na yeye alikuita, Mzee. Nilikuita mimi mwenyewe. Kwa nini uliendelea kusukuma ile kitu?"

Alichukua kitambaa akafuta mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Ningeketi naye," akasema, "ningemwambia nini?"

Chai ilikuwa imepoa mkononi mwangu. Injini ikabadilisha sauti kidogo tu, naye akainuka kwenda kuiangalia.